Peke yako na hema pwani wakati wa mvua: dalili, chanzo na la kufanya

Anayesafiri peke yake kwa gari kando ya bahari msimu wa mvua, akilala hemani, hukutana na hitilafu zile zile wanazokutana nazo wengine. Tofauti ni kwamba hana wa kumshikia tochi akifunga kamba, hana wa kusukuma gari, na hana wa kumwambia kuwa ameanza kuongea ovyo kwa baridi. Kwa hiyo humu mahali pa kuacha na kuita msaada pamesogezwa karibu. Jambo ambalo watu wawili wangelijaribu kwa saa nzima, aliye peke yake ajaribu mara mbili kisha apige simu.

Matatizo yamepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu iliyozoeleka zaidi ndiyo inatangulia. Anza nayo hata kama inaonekana ya kitoto. Na kabla hujashika gundi au spana, jiulize maji haya yametoka wapi: juu, chini, au kwako mwenyewe.

Naamka asubuhi, hema limelowa ndani

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na karibu kila anayelileta ameshaamua kuwa hema linavuja. Mara nyingi halivuji.

*Jasho la hema.* Usiku kucha unapumua na kutoa jasho, na mvuke huo hauna pa kwenda. Hewa ya pwani yenyewe imeshashiba unyevu. Kitambaa cha hema hupoa kuliko hewa iliyo ndani, mvuke ukikigusa unageuka matone. Kabla hujafuta kitu, washa tochi uilaze sambamba na ukuta wa hema utazame. Ukiona matone madogo yametapakaa sawasawa, mengi zaidi usawa wa kichwa chako, na sakafu ya katikati ni kavu, hilo ni jasho. Ukiona mchirizi mmoja, au doa moja linalorudi kulowa kila ukilifuta, hapo kweli kuna uvujaji.

Dawa ya jasho ni hewa. Mvua ikianza, mkono unakwenda wenyewe kufunga kila zipu, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Acha tundu la juu wazi, fungua na sehemu ya chini ya mlango ulio upande usiopigwa na upepo ili hewa iingie chini itokee juu. Hakikisha paa la nje haligusani na hema la ndani, maana palipogusana patadondosha. Viatu na nguo zilizolowa vibaki ukumbini mwa hema au kwenye buti la gari. Ukifanya hayo bado utaamka na unyevu kidogo, huo ufute kwa kitambaa kabla hujaanza kukunja mfuko wa kulalia, usije ukayatikisia matone ya hema zima juu ya matandiko yako.

*Maji yanaingia kutoka chini.* Mkosaji mkuu ni turubai la chini lililotokeza nje ya kingo za hema. Mvua inashuka ukutani, inaangukia kwenye turubai, nalo linaipeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Likunje kingo zake zote ziingie ndani, lisionekane hata kidogo. Mkosaji wa pili ni mahali penyewe. Tazama ardhi kabla ya kutandika: nyasi zilizolala zote upande mmoja, au vijiti na majani makavu yaliyojipanga mstari, ni njia ya maji. Leo pakavu, usiku mto.

Sakafu nayo ina kikomo chake. Uwezo wa kitambaa kuzuia maji hupimwa kwa milimita, yaani urefu wa nguzo ya maji kinayoweza kubeba kabla hakijapenyeza. Milimita 1,500 zinatosha kuzuia mvua juu ya paa, lakini goti lako likikandamiza sakafu kwenye udongo uliolowa linaleta shinikizo kubwa kuliko hilo, ndiyo maana sakafu za mahema mengi hutengenezwa kwa milimita 3,000 au zaidi. Ukiona unyevu pale tu unapokaa au kupiga magoti, hakuna tundu la kutafuta. Tandika kitu kinene.

*Paa limelegea.* Nailoni ikilowa inavutika. Hema ulilolikaza jioni likawa kama ngoma, saa mbili za mvua baadaye limebonyea, maji yamekusanyika kwenye mbonyeo, na kitambaa kimelalia hema la ndani. Poliesta haina tabia hiyo kwa kiasi hicho. Toka ukaze kamba upya mvua ikishalowesha paa vizuri, kisha mara moja tena kabla ya kulala.

*Mishono imeachia.* Kwa ndani, juu ya mishono, kuna utepe mwembamba. Ukianza kubanduka unaonekana umejikunja kingoni. Wakati wa mvua huwezi kuutengeneza, kwa sababu gundi haishiki penye unyevu. Funika sehemu ile kwa turubai usubiri siku kavu. Siku hiyo ikifika, bandua utepe ulioachia, safisha kwa spiriti, acha pakauke kabisa, ndipo upake gundi ya mishono. Hapa watu wengi hupoteza pesa: kitambaa kilichopakwa silikoni kinataka gundi ya silikoni, na kilichopakwa poliyurethani kinataka gundi ya poliyurethani. Ukibadilisha, gundi itabanduka yote kwa ukucha.

*Tabaka la kuzuia maji limekufa.* Kitambaa kinanata, kinanuka vibaya, au kinatoa magamba meupe. Hakuna gundi ya kulifufua tabaka lililofika hapo. Maliza safari kwa kulala garini au chini ya turubai lililoning'inizwa juu ya hema bila kuligusa.

Acha hapa: ukibonyeza sakafu kwa kiganja ukahisi maji yanatembea chini yake, usianze kuchimba mfereji gizani. Beba mfuko wa kulalia, funguo, simu na tochi, uingie garini, hema utalikuta. Na kama umepiga kambi karibu na mlango wa mto, gari nalo liondoke hapo. Mvua iliyonyesha milimani hufika saa kadhaa baadaye, pengine kwako kumeshatulia, na ikikutana na bahari inayojaa, mto hukosa pa kutokea ukapanda kingo.

Vigingi vinang'oka, hema linapepea

Kigingi chembamba kilichotengenezewa udongo hakina la kushika mchangani. Ukikivuta kwa vidole viwili kikatoka, upepo hautahitaji hata hivyo viwili. Usipoteze muda kukigongelea mara ya pili pale pale.

Chukua mfuko wa plastiki au wa nguo, ujaze mchanga, funga kamba shingoni, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, uuzike na ukanyagie. Huna mifuko, tumia kipande cha mti: kilaze shimoni kikikingama na kamba, zika, kanyagia. Mchanga wenye unyevu ukishindiliwa hushika vizuri kuliko mkavu, kwa hiyo mvua hapa ni rafiki. Kamba zishuke mbali na hema badala ya kusimama karibu nalo; kamba inayosimama sana inang'oa, inayolala inavuta.

Sababu inayofuata ni mwelekeo. Hema refu likipewa upepo ubavuni linageuka tanga. Ligeuze upande mwembamba, ulio mfupi, uelekee upepo, na mlango uwe upande wa pili. Gari linaweza kuegeshwa upande wa upepo likawa kinga. Ukifunga kamba ya hema kwenye gari, tundika funguo kwenye kamba hiyo hiyo, usije ukaondoka asubuhi na hema likikufuata.

Acha hapa: nguzo zikikunjika mpaka paa linakupiga usoni, toa nguzo, ulaze hema chini, weka uzito juu yake, uingie garini. Na usikimbilie kujificha chini ya miti yenye matawi makavu.

Jiko la gesi halishiki, au linawaka kinyonge

Angalia kiberiti kwanza. Njiti zilizolowa haziwaki, na kiberiti cha gesi kilicholowa kwenye gurudumu hakitoi cheche mpaka kikauke. Pulizia, sugua kwenye nguo, jaribu tena. Ukiwa na jiwe la cheche huna haja ya kuogopa maji. Kisha upepo: moto unaolala upande mmoja haupashi sufuria. Weka kinga upande unaotoka upepo tu. Usiuzungushie mtungi pande zote, maana joto likirudi kwenye mtungi unaweza kupasuka.

Kama mtungi una uzito lakini moto ni mdogo, fikiria baridi. Butani, gesi iliyo kwenye mitungi mingi ya kambi, huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, na gesi inapotoka mtungi hujipoza wenyewe, kwa hiyo asubuhi ya baridi, tena mtungi ukiwa umelowa, msukumo unapungua sana. Uweke mtungi kwenye bakuli la maji vuguvugu yasiyochoma mkono. Mitungi yenye mchanganyiko wa propani haisumbui hivyo. La mwisho ni mchanga au chumvi kwenye tundu la gesi: funga gesi, fungua kichwa cha jiko, pulizia. Usitie pini nene, utalipanua tundu na moto hautarudi kuwa wa bluu.

Acha hapa: ukisikia mlio wa gesi inayovuja au ukiinusa, funga, peleka nje mbali na moto, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakitokea jiko hilo halitumiki tena safari hii.

Na jiko haliingii hemani wala garini, hata mvua inyeshe namna gani. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, yaani dalili zile zile za mtu aliyeendesha kutwa, na aliye peke yake atasema ngoja nijilaze kidogo. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Hatari hiyo hiyo ipo kwa anayelala na injini ikiunguruma huku bomba la eksozi limezama kwenye mchanga, tope au maji. Ukihisi dalili hizo karibu na moto au injini, toka nje kwenye hewa safi mara moja na upige simu ya dharura. Usijiendeshe kwenda hospitali.

Vioo vya gari vinaingia ukungu, haviishi

Kwanza, kila kilicholowa kiko ndani ya gari: taulo, koti, hema lililokunjwa likiwa majimaji. Vitie kwenye mfuko mkubwa wa plastiki uliofungwa. Pili, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimebaki kimewashwa. Kizime hewa iingie kutoka nje, washa kiyoyozi pamoja na joto kuelekea kioo cha mbele. Watu husahau kwamba kiyoyozi hukausha hewa. Tatu, gusa kapeti chini ya miguu ya abiria. Likiwa chepechepe, mfereji wa maji chini ya kioo cha mbele pengine umezibwa na majani. Yatoe kwa mkono. Ukungu wenye utelezi na harufu tamutamu ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye mfumo wa joto. Angalia kiwango chake injini ikiwa imepoa, na mpelekee fundi kabla ya safari ndefu.

Gari limekwama mchangani

Toa mguu kwenye mafuta. Kila mzunguko wa tairi linaloteleza unachimba, na gari likishakalia tumbo kazi imekuwa mara nne.

Kabla hujachukua koleo, geuka utazame bahari. Maji yanajaa au yanapwa? Mstari wa mwani na takataka ufukweni unaonyesha maji yalipofika mara ya mwisho. Gari likiwa chini ya mstari huo, maji yatarudi. Katika pwani nyingi kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika kama 25, ndiyo maana kila siku muda unasogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: maji hupanda juu zaidi na kupwa mbali zaidi, na mstari wa jana si kipimo cha leo. Upepo mkali unaotoka baharini huyasukuma juu hata kuliko jedwali linavyosema. Kama yanajaa na wewe uko chini ya mstari, piga simu ya msaada sasa, kisha ndipo uanze kuchimba. Wengi hufanya kinyume, wanachimba mpaka wimbi linapogusa tairi ndipo wanatafuta namba.

Sasa sababu, kwa mpangilio wake.

Upepo wa tairi ni mwingi. Hii ndiyo sababu ya wengi, na kuitengeneza ni kazi ya dakika kumi. Punguza mpaka kati ya psi 18 na 20 hivi. Tairi linatandaza unyayo na kuukalia mchanga badala ya kuukata. Usishuke chini ya psi 15, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Kwa sababu hii geji na pampu ni vya lazima kwa msafiri wa pwani aliye peke yake kuliko winchi.

Mchanga umejikusanya mbele ya matairi. Ukichuchumaa utaona kijiukuta kimesimama mbele ya kila tairi, na gari linatakiwa kukipanda kutoka shimoni. Kisawazishe kiwe mteremko mrefu, urefu wa mkono au zaidi. Chimba matairi yote manne, si yale yanayoteleza tu.

Gari limekalia tumbo. Ingiza mkono chini ya mlango. Kama hakuna nafasi, hakuna tairi litakalosaidia mpaka mchanga wa chini utolewe. Toa kwa koleo lenye mpini mrefu ukiwa pembeni. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki mchangani, hata mkono. Jeki inazama na kupinda bila kuonya. Ukilazimika kuinua tairi, weka ubao mpana chini ya jeki.

Baada ya hapo teremsha mizigo mizito, sukumiza kapeti za gari au vipande vya mbao chini ya matairi yanayovuta, weka usukani sawa, urudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Huko ulikotoka mchanga umeshashindiliwa na wewe. Gia ya pili au ya kurudi, mafuta kidogo, bila kukurupuka. Likianza kusogea usisimame mpaka ufike pagumu.

Mchanga ulio karibu kabisa na mawimbi una udanganyifu wake. Unaonekana mgumu, unapitika, lakini gari likisimama na wimbi likapita chini ya matairi, mchanga unachotwa na gari linazama lenyewe bila wewe kufanya kosa lolote. Usiegeshe hapo hata kwa picha.

Akitokea mtu wa kukuvuta, kamba ifungwe kwenye sehemu iliyotengenezwa kwa kuvutia. Isifungwe kwenye kichwa cha mpira cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka na kinaua. Wote msimame mbali na kamba inapokaza.

Acha hapa: umejaribu mara mbili na kila mara gari limezama zaidi, gari limeinamia upande mmoja, au maji yamefika kwenye matairi. Toa nyaraka, simu, maji ya kunywa na nguo kavu, panda juu ya mstari wa mwani, subiri huko.

Ukishatoka, jaza upepo kabla ya kwenda kasi barabarani, na ukipata maji baridi osha chini ya gari. Chumvi haingoji urudi nyumbani.

Gari haliwaki asubuhi

Geuza ufunguo usikilize. Sauti inakuambia pa kuanzia.

*Tik-tik-tik ya haraka, taa za dashibodi zinafifia.* Betri imeisha. Msafiri wa kambi ana njia nyingi za kuimaliza: buti lililoachwa wazi, taa ya ndani, friji ndogo, simu na taa zilizochajiwa usiku kucha. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, chini ya 12 imeshuka sana. Tumia betri ya kubustia: chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma kitupu cha injini mbali na betri. Kusukuma kwa gari la gia za mkono ni habari ya watu wawili, labda uwe umeegesha kwenye mteremko.

*Tik moja, au kimya.* Fungua boneti uzungushe terminali, yaani kishikio cha waya kwenye betri, kwa mkono. Ikicheza, kaza. Ikiwa na unga mweupe au wa kijani, toa hasi kwanza, kwangua mpaka chuma king'ae, rudisha, hasi iwe ya mwisho. Hewa ya chumvi hufanya kazi hii haraka. Kwa gari la otomatiki hakikisha liko kwenye P, na ujaribu ufunguo wa akiba kabla ya kulaumu stata.

*Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki.* Baada ya usiku wa mvua, kwenye magari ya zamani yenye waya za plagi na distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), unyevu ndio wa kwanza kushukiwa. Futa waya na kofia ya distribyuta kwa kitambaa kikavu, ndani na nje, acha boneti wazi kidogo. Magari mapya yenye koili juu ya plagi husumbuliwa kidogo na hili. Hapo tazama mafuta na fyuzi.

Acha hapa, na usijaribu hata mara moja zaidi: kama gari lilizima likiwa ndani ya maji, au muda mfupi baada ya kupita maji yaliyofika juu ya bampa. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na ukageuza ufunguo, konrodi zinapinda na injini imekwisha. Fungua kisanduku cha filta ya hewa. Filta ikiwa imelowa, hiyo ni kazi ya gari la kuvuta na fundi. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti ni jibu hilo hilo.

Barabara imefunikwa na maji, au gari linaelea

Maji yaendayo kasi ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuchukua magari mengi madogo, na 60 zinabeba hata magari makubwa ya juu. Humu hakuna ukaguzi wa kufanya. Kama huoni lami chini na maji yanatembea, geuza. Aliye peke yake hana hata wa kutangulia kwa miguu kupima, na hata angekuwepo asingetakiwa.

Usukani ukiwa mwepesi ghafla kwenye mvua kubwa, matairi yamepanda juu ya maji. Usikanyage breki, usikate usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani sawa mpaka matairi yashike. Kina cha mifereji ya tairi kikikaribia milimita 1.6 hali hii itakutembelea mara kwa mara, na waendeshaji waangalifu hubadilisha zikibaki 3. Baada ya kupita dimbwi breki zikawa hafifu, kanyaga kidogo kidogo ukiwa mwendo wa polepole mpaka zikauke. Zisiporudi baada ya kukanyaga kanyaga hivyo, egesha uite fundi.

Natetemeka, vidole havifanyi kazi

Si lazima kuwe na theluji. Nguo zilizolowa na upepo wa bahari vinatosha kumpoza mtu kwenye hali ya hewa ambayo akiwa mkavu angeiita ya kupendeza. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni dharura.

Kwa kuwa hakuna wa kukutazama, jipime: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Kisha sema kwa sauti jina lako, ulipo na unakoelekea kesho. Vidole visipokutana, au maneno yakivutika, umeshachelewa kuvumilia.

Vua vilivyolowa vyote, hata chupi na soksi. Vaa vikavu, funika kichwa, ingia kwenye mfuko wa kulalia, weka kitu kinene chini yako kwa sababu ardhi inanyonya joto. Jaza chupa maji ya moto, uivike soksi, uiweke kifuani au kwapani. Kunywa kitu cha moto chenye sukari. Pombe hapana, inafungua mishipa ya ngozi, unajisikia joto huku unalipoteza. Ukiwasha joto la gari, hakikisha eksozi iko wazi, fungua dirisha kidogo, na usilale.

Acha hapa: kutetemeka kukikoma ilhali bado una baridi, au ukijikuta unataka tu kulala, piga simu ya dharura wakati bado unaweza kueleza ulipo.

Ngurumo zinakaribia

Hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia. Hema halikingi chochote. Toka ufukweni na majini, ingia kwenye gari lenye paa la chuma, funga vioo, usishike chuma, na usitoke mpaka zipite dakika 30 baada ya mlio wa mwisho.

Simu haichaji, au inasema kuna unyevu

Iamini. Chomoa waya, kung'uta tundu likiwa limeelekea chini, iache mahali penye hewa. Usiizike kwenye mchele, vumbi lake linaingia tunduni, wala usiipashe kwa joto la gari. Kama ni maji ya bahari, usilazimishe kuchaji hata ikionekana kavu. Chumvi inayobaki hupitisha umeme. Kama una chaja isiyo na waya, hapa ndipo inalipa, mgongo wa simu ukiwa mkavu.

Chaji inayoisha haraka bila kutumia simu mara nyingi ni simu inayohangaika kutafuta mtandao. Izime mtandao usiku, uiweke ndani ya mfuko wa kulalia. Penye mtandao hafifu ujumbe mfupi hupita pale simu ya sauti inapokataa, kwa hiyo uandike mapema: mahali ulipo, aina na rangi ya gari, saa utakayowasiliana tena, na saa ambayo ikipita kimya mtu wako awapigie waokoaji bila kukusubiri. Kila ukibadilisha kambi, utume upya kabla hujaondoka penye mtandao.